Kwa Nini Nusu ya Bidhaa Zilibaki? Kuelewa Mikusanyiko ya Elementi Katika JavaScript

Jumamosi moja kijana ninayemfundisha kutengeneza tovuti alinigeuzia laptopu yake akaniuliza, "Kaka, hivi hiki kitu kinachagua cha kufuta na cha kuacha?" Alikuwa ameandika ukurasa mdogo wa duka la mtaani. Bidhaa sita, zote zimeisha stoo, na mistari michache ya JavaScript, lugha inayouamrisha ukurasa ufanye mambo, ya kuziondoa zote kwa mpigo mmoja. Alipoiendesha, zikaondoka tatu. Akaiendesha tena, ikabaki moja. Mara ya tatu ndipo orodha ikawa tupu.

Hakuwa amekosea herufi hata moja, na konsoli, lile dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa ya msimbo, haikulalamika. Swali kama lake hujirudia kwenye makundi ya WhatsApp ya wanaojifunza, kila mara likiwa limevaa nguo nyingine: "forEach inakataa", "nimebadilisha maandishi hayabadiliki", "vitufe vipya havibonyezeki". Ukiyatazama haraka utaona matatizo manne yasiyohusiana. Nionavyo mimi ni tatizo moja. Mtu anauomba ukurasa elementi nyingi, anapewa kitu kinachofanana na orodha, naye hajiulizi amepewa orodha ya aina gani.

Maneno machache kwanza

Ukurasa wa tovuti huandikwa kwa HTML, na kila kipande chake, kiwe kichwa cha habari, aya, picha au kitufe, ni elementi. Kivinjari kinapousoma ukurasa hujenga mti kwenye kumbukumbu yake: elementi kubwa ina watoto, watoto nao wana watoto wao. Mti huo ndio unaoitwa DOM. Kila kilichomo kwenye mti ni nodi. Elementi ni nodi, lakini maandishi yaliyo ndani yake nayo ni nodi, na hata nafasi tupu kati ya mstari na mstari huhesabiwa kuwa nodi. Hilo la nafasi tupu liweke pembeni, tutalikuta tena.

Klasi ni jina la kundi unalolibandika kwenye elementi, mfano wa sare. Wanafunzi wenye sare moja unaweza kuwaita wote kwa pamoja bila kujua majina yao. Kwenye ukurasa wa yule kijana, kila bidhaa iliyoisha ilivaa sare ya `imeisha`:

```html
<ul id="duka">
  <li class="imeisha">Unga</li>
  <li class="imeisha">Sukari</li>
  <li class="imeisha">Chumvi</li>
  <li class="imeisha">Majani ya chai</li>
  <li class="imeisha">Mafuta</li>
  <li class="imeisha">Sabuni</li>
</ul>
```

Na huu ndio msimbo uliomchanganya:

```js
const zilizoisha = document.getElementsByClassName('imeisha');

for (let i = 0; i < zilizoisha.length; i++) {
  zilizoisha[i].remove();
}
```

Usome kwa sauti: nipe wote wenye sare ya `imeisha`, anza na wa sifuri (kompyuta huanza kuhesabu sifuri), mwondoe, nenda kwa anayefuata, endelea mpaka mwisho. Ukiusoma hivyo, kila kitu kiko sawa. Ukiuendesha, zinabaki Sukari, Majani ya chai na Sabuni.

Benchi la zahanati

Nenda zahanati yoyote asubuhi. Wagonjwa wamepangana kwenye benchi refu, na kila wa mbele akiingia kwa daktari, waliobaki wanasogea. Hawangoji kuambiwa. Pengo likionekana, mtu anajisogeza.

Sasa tuwape wagonjwa wetu majina ya zile bidhaa sita, na tumlete nesi mgeni aliyepewa maelekezo haya: mwite aliyekaa nafasi ya 0, halafu wa nafasi ya 1, halafu wa nafasi ya 2, uendelee hivyo hadi benchi liishe. Anamwita wa nafasi ya 0, Unga anaingia. Benchi linasogea. Sukari sasa amekaa nafasi ya 0, Chumvi nafasi ya 1. Nesi, kwa kufuata maelekezo, anageukia nafasi ya 1 na kumchukua Chumvi, huku Sukari amekaa palepale akimtazama anavyompita. Benchi linasogea tena. Nafasi ya 2 sasa ina Mafuta, naye anaingia. Nesi akitafuta nafasi ya 3 anakuta benchi lina watu watatu tu, wa 0, wa 1 na wa 2. Kazi imekwisha, anaondoka. Ameruka mmoja katika kila wawili, na hajavunja hata sharti moja.

Hicho ndicho `getElementsByClassName` inachokupa: benchi lenyewe. Mkusanyiko wa namna hii huitwa hai. Kila unapousoma, unakuonyesha hali ya ukurasa ya dakika ile, na urefu wake, `length`, hupungua na kuongezeka wenyewe. Ndugu yake `getElementsByTagName`, anayeita kwa jina la tegi (aina ya elementi, kama `li`), ana tabia hiyohiyo.

Kuna jambo dogo hapa linalowaponyoka hata wazoefu. Si lazima elementi ifutwe ndipo itoke kwenye benchi. Ukiandika `zilizoisha[i].classList.remove('imeisha')`, bidhaa bado ipo kwenye ukurasa na mteja anaiona, lakini imevua sare, kwa hiyo mkusanyiko hauihesabu tena. Lupu, yaani ule mzunguko wa `for` unaorudia kazi, itaruka vilevile. Nimewahi kumaliza jioni nzima nikitafuta kosa la aina hii, nikijiambia kwamba sifuti chochote kwa hiyo haliwezi kuwa suala la benchi.

Na upande wa pili ni mbaya zaidi. Ukipita kwenye mkusanyiko hai wa `li` huku ndani ya lupu unaongeza `li` mpya, benchi linarefuka kila unapopiga hatua. Hutafika mwisho. Ukurasa utaganda mpaka mtu aufunge.

Karatasi ya majina

Nesi mzoefu hafuati nafasi za benchi. Anapofika asubuhi huandika majina ya waliopo kwenye karatasi, kisha anaita kwa karatasi. Watu wasogee au wasisogee, karatasi haibadiliki. Amri inayokupa karatasi ni `querySelectorAll`:

```js
document.querySelectorAll('.imeisha').forEach(bidhaa => bidhaa.remove());
```

Nukta mbele ya `imeisha` inamaanisha klasi, na `forEach` hurudia amri kwa kila kilichomo kwenye orodha. Mstari mmoja, na bidhaa zote sita zinaondoka. Mkusanyiko huu huitwa tuli.

Karatasi nayo ina mipaka yake. Mgonjwa atakayefika saa nne hayumo. Aliyeamua kurudi nyumbani jina lake bado limeandikwa. Ndiyo maana ukishaziondoa bidhaa zote sita kwa karatasi uliyoihifadhi, `length` yake bado itasema 6, na mtu anayeitumia kuonyesha "bidhaa zilizobaki" atawadanganya wateja.

Neno "tuli" limezaa imani potofu kwamba umepewa nakala za elementi, kama fotokopi, ambazo ukizichezea ukurasa hauguswi. Hapana. Karatasi imeandikwa majina, wagonjwa ni walewale walio benchini. Ukipita kwenye orodha tuli ukibadilisha rangi ya kila bidhaa, rangi inabadilika kwenye ukurasa papo hapo. Kilichoganda ni nani yumo kwenye orodha. Walivyo wao wenyewe hakikuganda.

Imani nyingine imeenea zaidi kwa sababu ina nusu ya ukweli. Inasema NodeList ni tuli na HTMLCollection ni hai. Hayo ni majina ya aina za mikusanyiko utakayoyaona konsoli ikiyachapisha. HTMLCollection unazopewa na ukurasa ni hai, hapo hakuna ubishi. Lakini NodeList ina sura mbili: ile ya `querySelectorAll` ni tuli, ile ya `childNodes` ni hai, na ile ya `getElementsByName` ni hai pia. Jina la aina halikuambii. Kinachokuambia ni amri uliyotumia kuipata, na hilo halina njia ya mkato, ni la kukariri.

Mkorogo huu ulitoka wapi

Kuna sababu ya haya yote, na ukiijua hasira hupungua. JavaScript iliundwa na Brendan Eich pale Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, mwaka 1995, katika siku zipatazo kumi. Tangu mwanzo ilikuwa na mikusanyiko ya tayari kama `document.forms`, yenye fomu zote za ukurasa. Lakini Oktoba 1998, shirika la viwango la W3C lilipotoa DOM ya kwanza rasmi, haikuandikwa kwa ajili ya JavaScript peke yake. Ilikusudiwa itumike na lugha mbalimbali, Java ikiwemo. Sasa arei, ile orodha ya kawaida ambayo wengine huiita safu, kila lugha ina yake. Kwa hiyo walibuni vyombo visivyokuwa vya lugha yoyote, vyenye mambo mawili tu ya msingi: urefu, na uwezo wa kukupa kilicho kwenye nafasi fulani. Vinafanana na arei ya JavaScript, lakini havikuzaliwa naye.

Amri ya `querySelectorAll` ilianza kuingia kwenye vivinjari mwaka 2008, na waliotunga kiwango chake waliamua kwa makusudi kwamba orodha yake iwe tuli. Ile ya zamani hawakuweza kuifuta, maana kurasa zisizohesabika zinaitegemea. Hati ya kiwango cha DOM inayotumika leo inaitaja HTMLCollection waziwazi kuwa ni masalio ya historia ambayo mtandao hauwezi kuyaondoa, na inawashauri wanaobuni mambo mapya wasiitumie. Ni nadra kuona hati ya kiufundi ikiungama namna hiyo.

Historia hiyo inajibu pia lile swali la "forEach inakataa". NodeList ilianza kupewa `forEach` kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2016. HTMLCollection haikupewa. Ukijaribu, konsoli itakuambia `forEach` si fanksheni (kazi inayoweza kuitwa kwa jina lake), na itakuwa inasema kweli. Na hata NodeList iliishia hapo, haina `map` ya kubadilisha kila kilichomo wala `filter` ya kuchuja. Dawa ni kuigeuza kuwa arei halisi, jambo ambalo toleo la JavaScript la mwaka 2015 lililirahisisha:

```js
const arei = Array.from(document.getElementsByClassName('imeisha'));
```

Angalia kilichotokea hapo: umechukua benchi ukaandika majina kwenye karatasi. Tatizo la kuruka nalo limekwisha palepale, bila kuacha amri ya zamani. Njia nyingine ya wakongwe ni kuita kuanzia mwisho wa benchi kuja mbele, kwa sababu anayetoka mwishoni hamsogezi mtu. Inafanya kazi vizuri, ila atakayerithi msimbo wako atajiuliza kwa nini unahesabu kinyumenyume, basi mwachie maelezo.

Utasikia wengine wakishauri utumie lupu ya `for...of` kwa kuwa inakubali aina zote mbili. Kweli inazikubali. Lakini haigeuzi benchi kuwa karatasi. Ukifuta ndani yake utaruka vilevile. Na `for...in` iache kabisa kwenye kazi hii, maana mbali na elementi itakuletea pia `length`, `item` na vikorokoro vingine vya chombo chenyewe.

"Nimebadilisha, haibadiliki"

Kosa hili lina umri wake, na nadhani jQuery ina mkono. John Resig aliitoa jQuery, maktaba ya msimbo wa JavaScript ulioandikwa tayari, mwaka 2006, ikawa kila mahali, na raha yake kubwa ilikuwa kwamba ukiandika `$('.imeisha').hide()` zote zinafichwa. Lupu ilikuwepo, lakini imefichwa ndani. Kizazi kizima kilizoea kuuamrisha mkusanyiko kana kwamba ni elementi moja, na mafunzo mengi ya mtandaoni bado yana harufu ya enzi hiyo.

JavaScript yenyewe haifanyi hivyo. Ukiandika `zilizoisha.style.color = 'red'`, utapata kosa, kwa sababu benchi halina nguo, wenye nguo ni waliokaa juu yake. Hilo angalau linapiga kelele. Baya zaidi ni `zilizoisha.textContent = 'Imeisha'`. Haitoi kosa lolote. JavaScript inaandika neno hilo ubavuni mwa chombo, kama mtu aliyeandika kwa chaki chini ya benchi, na hakuna mgonjwa anayeliona. Lazima umfikie mmoja mmoja.

Pacha wa kosa hilo ni kuuliza kama orodha ipo:

```js
if (document.querySelectorAll('.kosa')) {
  alert('Kuna makosa kwenye fomu');
}
```

Onyo hili litatokea siku zote, hata fomu ikiwa safi kama theluji ya Kibo. `querySelectorAll` isipopata kitu haikurudishii `null`, neno la JavaScript la "hakuna kitu". Inakupa karatasi isiyo na majina, na karatasi tupu bado ni karatasi. Uliza `length` yake kama imezidi sifuri. Yule wa umoja, `querySelector`, ndiye anayerudisha `null`, na kufanana kwa majina ndiko kunakowapoteza watu.

Kuhusu ile nafasi tupu: elementi `duka` hapo juu ina watoto wangapi? Ukitumia `children` utapata 6. Ukitumia `childNodes` utapata 13, yaani bidhaa sita na mapengo saba ya mistari kabla, kati na baada yao. Hapo hapo ndipo `firstChild` humletea mtu nafasi tupu badala ya Unga. Tumia `children` na `firstElementChild`, umalize.

Uliita mapema mno

Wakati mwingine orodha iko sahihi, ila umeita kabla wagonjwa hawajafika. Kivinjari husoma ukurasa kutoka juu kwenda chini. Skripti, yaani msimbo wako wa JavaScript, ikiwa juu kabisa, kwenye `head`, itatekelezwa wakati `duka` bado halijajengwa. `querySelectorAll` itakupa karatasi tupu, na itabaki tupu milele. `getElementsByClassName` itakupa benchi tupu, lakini ukiliangalia tena baadaye utakuta limejaa. Ndiyo sababu ukijaribu msimbo uleule kwenye konsoli unafanya kazi na unaanza kuhisi kompyuta inakuchezea. Wakati unaandika kwenye konsoli, ukurasa ulishamaliza kusomwa. Weka neno `defer` kwenye tegi ya skripti iliyo kwenye faili lake, au iweke skripti mwishoni mwa `body`.

Kwa hiyo mtu atumie ipi? Mimi huanza na `querySelectorAll` karibu kila mara. Utasikia kwamba zile za zamani zina kasi zaidi, na ni kweli zinajibu upesi kwa kuwa zinaahirisha kazi ya kutafuta. Lakini kwenye ukurasa wa bidhaa hamsini au mia mteja hataona tofauti. Mkusanyiko hai naukumbuka ninapotaka idadi inayojirekebisha yenyewe, mfano namba ya vitu vilivyo kwenye kapu. Hapo tabia yake ya kusogea ndiyo ninayoitaka.

Vitufe vipya visivyobonyezeka

Limebaki swali la mwisho, na hili `querySelectorAll` hailitibu, bali ndiyo inayolileta. Umepita kwenye karatasi, kila bidhaa ukaiwekea msikilizaji: ikibonyezwa, iwekwe alama. Kisha mwenye duka anaongeza Mchele kupitia fomu. Anaubonyeza Mchele, kimya. Mchele ulifika saa nne, jina lake halikuwepo kwenye karatasi, hakuna aliyeupa msikilizaji.

Wengi hukimbilia kurudia lupu nzima kila bidhaa inapoongezwa. Wakifanya hivyo kwa fanksheni mpya kila mara, bidhaa za zamani zinakuwa na wasikilizaji wawili, watatu, na bonyezo moja linafanya kazi mara tatu. Kuna njia yenye akili zaidi. Bonyezo kwenye elementi haliishii hapo, hupanda juu ya mti kwa mzazi, kwa babu, hadi kileleni. Basi badala ya kumpangia kila mpangaji mlinzi wake, weka askari mmoja getini:

```js
document.getElementById('duka').addEventListener('click', tukio => {
  const bidhaa = tukio.target.closest('li');
  if (!bidhaa) return;
  bidhaa.classList.toggle('imechaguliwa');
});
```

Mpangaji aliyehamia leo na aliyekaa miaka mitano wote wanapita geti lilelile. Hakuna lupu, na hakuna mkusanyiko wa kuhangaika nao. Hiyo `closest` ni kwa ajili ya siku utakayoweka picha ndogo ndani ya bidhaa. Mteja atabonyeza picha, `target` itakuwa picha, na utahitaji kupanda hadi kwenye `li` inayoibeba. Kijana wangu aliiacha mara ya kwanza, akaja Jumamosi iliyofuata na swali jipya: kwa nini Unga unachagulika ukibonyeza jina lake, lakini ukibonyeza picha ya mfuko, picha ndiyo inayowekwa alama.